Eabegi Imefyatuka na Gari Halijagonga Kitu

ULIZA FUNDI

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu, na gari langu nililinunua likiwa limekwishatumika. Jumatatu asubuhi nilikuwa natoka kwenye maegesho kwa rivasi, polepole kabisa, usukani nimeukata kushoto hadi mwisho. Mara nikasikia mlipuko. Nikadhani tairi limepasuka, kisha nikadhani nimepigwa risasi. Akili iliponirudia nikaona eabegi ya usukani, ule mfuko wa hewa wa kinga, inaning'inia mbele yangu, gari limejaa moshi mweupe, mkono umeungua juu kidogo ya kifundo, na masikio yanalia wiii. Nyuma yangu hapakuwa na gari, ukuta wala mti. Bampa zote mbili hazina hata mchubuko.

Fundi wa gereji anasema eabegi haifyatuki bila gari kugonga, kwa hiyo nimegonga na naona haya kusema. Mtu wa bima anasema hakuna ajali, basi hakuna malipo. Yaani mmoja ananishitaki kwamba nimegonga, mwingine ananinyima kwa kuwa sikugonga! Mume wangu naye anauliza nilibonyeza nini.

Taa nyekundu ya eabegi ilikuwa ikiwaka na kuzimika tangu nilipobadilishiwa reki ya usukani, ule mtambo wa kugeuza magurudumu, miezi michache iliyopita, na honi ilikuwa ikilia inapotaka yenyewe, lakini gari lilikuwa linakwenda vizuri. Sasa fundi ananishauri aitoe eabegi, arudishie kifuniko, aizime taa kwa kifaa kidogo, niendelee na safari zangu. Nifanyeje? Na wa kulaumiwa ni nani?

Masikio Bado Yanalia

Marahaba mwalimu, na pole sana. Nianze na mwili, gari litasubiri. Kishindo cha eabegi huzidi desibeli 150, na wewe ulikuwa umejifungia nacho ndani ya vioo. Masikio kulia kwa saa kadhaa ni jambo la kutarajiwa. Kama yanaendelea siku ya pili na kuendelea, au unasikia vizuri upande mmoja tu, nenda kwa daktari, usisubiri yazoee. Ule moshi nao haukuwa wa moto. Sehemu kubwa ni unga wa talki au wanga wa mahindi, unaowekwa ili kitambaa kisigandamane kikiwa kimekunjwa miaka na miaka, pamoja na mabaki ya kemikali inayoungua kutoa gesi. Mabaki hayo huwasha macho na kuwasumbua wenye pumu, kwa hiyo macho huoshwa kwa maji mengi na nguo hufuliwa. Mkono wako umepatwa na gesi ya moto inayotokea kwenye matundu ya mfuko, au umesuguliwa na kitambaa chenyewe. Utunze kama jeraha lolote la moto.

Haya, twende kwa fundi wako. Hiyo kauli yake kwamba eabegi haifyatuki bila gari kugonga, watengenezaji wenyewe wameshaikanusha kwa vitendo. Mwaka 2011 Ford ilipanua wito wa kurudisha kwa matengenezo pikapu zake za F-150 za mwaka 2004 hadi 2006, zikakaribia milioni 1.2, kwa sababu waya ndani ya usukani ulikuwa ukisuguliwa hadi unachunika na eabegi ya dereva ingeweza kufyatuka bila ajali. Julai 2017 Fiat Chrysler nayo ikaita magari kama 770,000, yakiwemo ya Dodge Journey, kwa maradhi ya ukoo huohuo: nyaya za usukani zinazosuguana na vipande vya jirani mpaka zinapiga shoti. Kwa hiyo hukuona mazingaombwe, na mumeo umwambie hakuna kitufe cha kufyatulia eabegi.

Nikiletewa gari la namna hii, swali langu la kwanza huwa moja: zimefyatuka zipi? Wewe umenijibu kabla sijauliza. Ya usukani peke yake. Jibu hilo linabeba nusu ya kesi yako, na nitakueleza kwa nini.

Eabegi hufyatuka ama kwa kuwa kompyuta yake imetoa amri, ama kwa kuwa umeme umeifikia bila amri ya mtu. Kompyuta hiyo hukaa katikati ya gari, mara nyingi chini ya sehemu ya gia, na ndani yake mna sensa inayopima jinsi mwendo unavyokatika ghafla. Sensa nyingine huwa mbele karibu na bampa, na nyingine ubavuni. Kwa eabegi za mbele, kiwango kinachotarajiwa ni kama cha kugonga ukuta usiosogea kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 26 kwa saa, ikitegemea kama umefunga mkanda. Wewe ulikuwa unarudi nyuma kwa mwendo wa kutambaa. Hata ungeparamia nguzo huko nyuma, eabegi ya usukani haikuwa na shughuli nayo.

Tena amri ikitolewa haiendi kwenye usukani peke yake. Mikanda nayo ina baruti yake ndogo, ambayo huivuta ikubane kitini kabla mfuko haujajaa. Basi kaa kwenye kiti cha dereva, uvute mkanda. Mkanda uliofyatuliwa hugoma: unakwama, au unalegea na haurudi, na kwenye magari mengine kile kishikizo cha kuchomekea huwa kimeshuka chini. Ukiona wako unatoka na kurudi kwa ulaini kama zamani, una shahidi mzuri kwamba kompyuta haikuamua lolote asubuhi ile. Eabegi ya abiria isikupotoshe. Kwenye magari mengi hainyanyuki kama kiti hakina mtu, kwa hiyo kukaa kwake kimya hakuthibitishi kitu. Mkanda ndio wa kuaminika.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipitisha harakaharaka kana kwamba haina uzito: reki ya usukani ilibadilishwa, na tangu siku hizo taa ikaanza kuwaka na kuzimika na honi ikawa na kiburi. Mimi ningeanzia hapo.

Usukani unazunguka na safu yake haizunguki. Umeme wa honi, wa swichi na wa eabegi unavukaje? Unavuka kwa utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba, uliozungushwa ndani ya kisahani nyuma ya usukani. Mafundi tunauita klokspringi. Una mizunguko yake maalumu, karibu sawa kwa kila upande kutoka katikati. Fundi anapofungua reki, shafti inaachiwa, na usukani usipofungwa mahali pake unaweza kuzungushwa ovyo na mtu yeyote anayepanda kuchukua spana. Ukirudishwa ukiwa umehama mzunguko mzima, gari linatoka gereji likiwa zuri, usukani umenyooka, kila mtu ameridhika. Kisha dereva anakata kona hadi mwisho, na utepe unaishiwa urefu kabla magurudumu hayajafika mwisho wake. Siku hiyo unavutika. Siku nyingine unakunjika. Kila ukitoka maegesho unaumia tena kidogo.

Nimefungua visahani vingi vya aina hiyo. Utepe mzima huteleza kimya ukiuzungusha kwa kidole. Ulioumia hukwaruza, na ukifunua kifuniko unaukuta umejikunja pembeni, plastiki imegeuka nyeupe palipokunjika, na shaba inang'aa pale inaposuguliwa, kama sarafu mpya. Mara nyingi mambo huishia kwenye utepe kukatika tu. Taa inawaka, honi inakufa, na eabegi inakuwa haiwezi kufyatuka hata ukigonga. Kufyatuka ni nadra, kwani lazima shaba iliyovuliwa iguse njia ya jirani yenye umeme wa kutosha. Lakini umeme huo si mwingi: kiwashio cha eabegi kimeundwa kuitika ampea 1.2 kwa muda wa milisekunde 2. Baada ya hapo mfuko hujaa ndani ya milisekunde kama 30, na jicho lako huhitaji zaidi ya 100 kufumba na kufumbua. Ndiyo maana hukuona kitu ila kishindo.

Mwalimu, hapa nitakugombeza kidogo, kwa heshima. Taa ile huwaka unapofungua swichi, hukaa sekunde kama sita, kisha huzimika. Ikiwaka wakati mwingine wowote inakueleza kwamba mfumo umejikuta mgonjwa. Kwenye magari mengi kompyuta ikishaona kasoro hujizuia, isije ikatoa amri ya makosa. Watu wanasikia hivyo wanasema basi hakuna hatari, kibaya zaidi eabegi haitafyatuka. Lakini shoti haipiti kwa kompyuta. Inakwenda moja kwa moja kwenye kiwashio.

Kompyuta yenyewe pia huweza kuwa mkosaji, sitaki kuificha. Januari 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitangaza kwamba magari milioni 2.12 ya Toyota, Chrysler na Honda yarudi tena kurekebishwa, kwa sababu vurugu za umeme ziliweza kuichanganya kompyuta ikafyatua eabegi bila ajali. Nasema yarudi tena kwa sababu mengi yalikwisha kuitwa miaka ya nyuma, na marekebisho ya kwanza hayakutosha kwa yote. Kwa hiyo kabla ya lolote tafuta namba ya chasisi yako kwenye ukurasa wa kampuni iliyolitengeneza gari, hata kama aliyekuuzia alikuhakikishia kwamba lilishatengenezwa. Kama ina tarakimu na herufi 17, itafutwe hivyohivyo ilivyo. Kama ni fupi, gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, na kurasa za masoko mengine zitakujibu kwamba hakuna tatizo ilhali hazikulitambua kabisa. Litafute kwenye kurasa za Kijapani au umwombe wakala. Likiwa kwenye wito, matengenezo hayo kampuni huyafanya bila kukutoza.

Kuhusu bima, usibishane kwa maneno. Kabla mtu yeyote hajagusa kitu, gari lisomwe kwa mashine inayoingia kwenye mfumo wa eabegi, na matokeo yachapishwe. Utapata namba za hitilafu zinazoanza na herufi B. Zikitaja saketi ya eabegi ya dereva, ziwe za kabla au za siku ile, hoja yako imesimama. Omba pia kumbukumbu ya tukio kama gari lako linayo. Kompyuta ikitoa amri ya kufyatua huhifadhi sekunde kama tano za kabla ya hapo: mwendo, breki, mkanda. Ikiwa hakuna tukio lililorekodiwa huku eabegi inaning'inia, mtu wa bima ajieleze yeye. Piga picha za bampa, za chini ya gari, za usukani kwa karibu. Kisha soma hati ya bima yako mwenyewe, kwa kuwa nyingine hazizungumzii mgongano, zinazungumzia uharibifu wa ghafla, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hofu yangu kubwa ni mtu mwenye haraka. Fundi anaunganisha mashine, anafuta namba zote "ili gari lianze upya", na ushahidi wako umekwenda na maji. Mwambie waziwazi, na ikibidi mwandikie: usifute.

Hicho kifaa kidogo alichokuahidi nakifahamu. Ni rezista ya ohmu 2 hivi, inachomekwa mahali pa eabegi, kompyuta inahisi ukinzani uleule na kudhani mfuko upo. Taa inazimika kwa adabu kabisa. Siku ya ajali ya kweli hakuna kitakachotoka usukanini. Na tatizo ni kubwa kuliko kukosa mfuko tu: mikanda ya siku hizi imeundwa kulegea kidogo mgongano unapozidi, isikuvunje mbavu, kwa kuutegemea mfuko upokee kichwa na kifua. Wewe mkanda utakulegezea, na mbele yako patakuwa na plastiki tupu. Sifanyi kazi hiyo, na anayeifanya simwamini hata kunibadilishia oili.

Kinachotakiwa ni eabegi yenye namba ileile ya kipuri, klokspringi mpya iliyowekwa katikati, viunganishi vya njano vya nyaya za eabegi vikaguliwe, na kompyuta kama imejifunga baada ya tukio. Eabegi za bei ya kutupa zikwepe. NHTSA ilitoa onyo kuhusu za bandia tangu Oktoba 2012, na kwa macho zinafanana na za kweli mpaka nembo.

Umeuliza wa kulaumiwa. Namshuku aliyefunga reki, lakini usiende kumwambia hivyo leo. Usukani ufunguliwe mbele yako, mbele yake na ikiwezekana mbele ya mtu wa bima. Kisahani kitoke kizima, kifunuliwe hapohapo mezani, kisha ukichukue wewe nyumbani. Ukionekana utepe mzima, nitakuwa nimekosea, na tutarudi kwa kompyuta.

*

Fundi, napenda njia mbovu. Juzi nilikuwa nateremka kwenye korongo, gari limeinamia ubavu lakini halijapinduka, mara eabegi za juu ya madirisha zikashuka zote na mikanda ikatubana. Hatukugusa jiwe. Ni kasoro ya kiwanda?

Mshika Usukani

La, kaka. Gari lako limefanya lilichofundishwa, ila limekuelewa vibaya. Ndani ya kompyuta kuna sensa ya kupinduka: inapima gari limeinama kiasi gani na linaendelea kuinama kwa kasi gani. Dereva hodari anayeteremka pembeni ya korongo na dereva anayepinduka wanafanana kwa sekunde ile. Eabegi za pazia zikishuka pamoja na mikanda, ujue kompyuta ilitoa amri, kinyume kabisa na yaliyomkuta mwalimu hapo juu.

Kwenye baadhi ya Toyota za kazi hiyo kuna swichi iliyoandikwa RSCA OFF. Inazuia mapazia yasishuke kwa ajili ya kuinama, ila ukigongwa ubavuni bado yanashuka. Ukizima gari na kuliwasha tena, ulinzi hujirudisha, kwa hiyo ibonyeze upya unaporudi kwenye njia mbovu. Kama lako halina swichi hiyo, punguza mikogo. Na usijidanganye kwamba eabegi za mbele haziwezi kukuamkia huko. Chini ya gari likipiga jiwe au ukingo wa shimo kwa nguvu, mwendo hukatika ghafla, na vitabu vingi vya gari vimeandika onyo hilo kurasa ambazo hakuna anayezifungua.

*

Mimi sina mlipuko. Kapeti la upande wa abiria linalowa kila nikiwasha eyakondishena, na wiki hii taa ya eabegi imewaka. Fundi anasema ni mambo mawili tofauti. Kweli?

Kapeti Bichi

Huenda ni jambo moja. Oktoba 2013 Toyota iliita zaidi ya magari 800,000, yakiwemo Camry, Avalon na Venza, kwa sababu maji ya eyakondishena yalikuwa yakivuja na kudondokea kompyuta ya eabegi. Yangeweza kuwasha taa, kuzima eabegi, au kuifyatua. Na mrija wa kutolea maji uliweza kuzibwa na utando wa buibui! Mdudu huyo anastahili mshahara wa mafundi.

Wako huenda si wa magari hayo, lakini maji hayachagui. Zima eyakondishena mpaka mrija uzibuliwe. Unatokea chini ya gari, na ukiwa mzima utayaona maji yakidondoka nje siku ya joto. Kapeti liinuliwe lote, lisikaushwe juujuu, kwani sifongo ya chini hunywa maji na kuyatunza. Chini ya viti kuna viunganishi vya njano vya mikanda na eabegi za ubavu. Ukikuta unga wa kijani kwenye pini zake, ni kutu ya shaba. Tena wale wanaoosha gari ndani kwa mpira wa maji yenye nguvu, habari hii ni yao pia.

*

Mimi ni mwanagenzi. Bosi akitoa betri anafungua usukani papo hapo. Nimesikia tungoje. Tungoje muda gani, na kwa nini, wakati betri haipo?

Mwanagenzi

Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme ndani yake, kapasita, ili iweze kufyatua hata ajali ikikata betri. Akiba hiyo inahitaji muda kuisha. Toyota huagiza angalau sekunde 90, wengine dakika tatu au zaidi. Fuata kitabu cha gari ulilo nalo, na ukikikosa ngoja zaidi. Swichi iwe imezimwa kabla hujatoa waya wa hasi.

Eabegi ikishatoka, ilaze uso ukiangalia juu, peke yake, mbali na kichwa cha mtu. Ukiilaza kifudifudi na ikafyatuka, itaruka yenyewe. Usiipime kwa mita ya kawaida, maana mita nayo hutuma umeme. Kiunganishi cha njano ukikichomoa, ndani yake kuna kijibati kinachozigusanisha nyaya mbili za eabegi ili umeme wa bahati mbaya usipate pa kupita. Ukikuta kimepinda au kimevunjika, usikinyooshe kwa koleo. Badilisha kiunganishi.